Riwaya Inayoingilia Masikioni

Swali la iwapo kusikiliza kitabu ni sawa na kukisoma limejadiliwa hadi limechuja, kwa hiyo nitalimaliza mapema ili nipate nafasi ya kusema mambo yenye ladha zaidi. Mwaka 2016 Beth Rogowsky na wenzake nchini Marekani waliwagawa watu wazima katika makundi. Wengine walisoma sehemu za kitabu fulani, wengine wakazisikiliza, na wengine wakafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Walipopimwa uelewa wao, tofauti ya maana haikuonekana. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza ubongo wa watu waliosoma hadithi na pia wakazisikiliza zilezile, nao wakakuta kwamba maana za maneno huamsha sehemu zinazofanana sana kwa njia zote mbili. Huenda mwanafunzi wa sheria au wa hisabati akahitaji karatasi mbele ya macho yake, lakini kwa upande wa riwaya sioni haya kusema kwamba nimeisoma hali nimeisikiliza. Linalonishughulisha ni swali jingine: kwa nini riwaya mbili zilizoandikwa vizuri sawasawa, na kurekodiwa kwa vifaa vya ubora uleule, moja hunifanya nipitilize kituo nilichopaswa kushuka, na nyingine naizima kabla ya dakika ya kumi?

Jibu nililolifikia ni kwamba utamu wa riwaya ya sauti hutegemea zaidi yale ambayo msomaji anajizuia kuyafanya kuliko yale anayoyafanya. Ninaposema msomaji hapa ninamaanisha yule anayesoma kwa sauti mbele ya kipaza sauti. Msimulizi nitamwacha awe yule aliyebuniwa na mwandishi, kwa sababu hao ni watu wawili tofauti, na matatizo mengi huanza pale wa kwanza anapojisahau akadhani kwamba riwaya inamhusu yeye.

Mimi husikiliza zaidi ndani ya basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, na nyumbani ninapopiga pasi au kuchambua mchele. Kazi inayokwenda vizuri na riwaya ni ile inayoshughulisha mikono bila kudai maneno. Kupiga pasi kunafaa, na kutembea kunafaa zaidi; kujibu barua pepe hakufai hata kidogo, kwa kuwa maneno hugombana na maneno na pande zote mbili hupoteza. Kusikiliza kitandani nako kuna hatari yake, maana unaweza kuamka alfajiri ukakuta mhusika ameshaoa mke usiyemfahamu, na kurudi nyuma kutafuta mahali ulipopitiwa na usingizi ni kazi ya kuchosha.

Jambo hili la mikono kuwa kazini na masikio kuwa kwenye riwaya si la juzi. Katika viwanda vya sigara vya Havana, nchini Kuba, tangu mwaka 1865 kulikuwa na mtu aliyeketi mahali pa juu akiwasomea magazeti na riwaya wafanyakazi waliokuwa wakisokota tumbaku, na wafanyakazi wenyewe ndio waliochanga fedha za kumlipa. Hadi leo kuna sigara maarufu za nchi hiyo zinazoitwa Montecristo, jina lililotokana na riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa mno na wasikilizaji hao. Kinachonivutia katika habari hiyo ni mamlaka waliyokuwa nayo wale wasokotaji: msomaji alikuwa mwajiriwa wao, na sauti mbaya au usomaji wa kujionyesha ungewagharimu fedha zao wenyewe.

Karibu na kwetu zaidi, Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza yaliyoipata riwaya yake ya Kigikuyu, *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ilipotoka mwaka 1980. Familia zilikusanyika jioni, na aliyejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi waliisomeana wakati wa mapumziko ya mchana. Ikasomwa katika matatu na, zaidi ya yote, katika baa. Huko baani msomaji aliendelea hadi bilauri yake ilipokauka, na mara nyingi ilikauka pale kisa kilipokuwa kimepamba moto, naye akakiweka kitabu chini mpaka wasikilizaji wamnunulie kinywaji kingine. Kila ninaposikia sauti ya kijana wa leo ikikatisha simulizi kisu kikiwa kimeinuliwa, kisha ikatangaza namba ya kulipia ili usikie sehemu inayofuata, humkumbuka yule msomaji wa baani, na hukubali kwamba hila yake ilikuwa ya haki zaidi, kwa kuwa walau alikuwa anakauka koo kweli.

Vitabu vya sauti vyenyewe, kwa maana ya sauti iliyonaswa, vilianza kwa ajili ya wasioona. Thomas Edison, mwaka mmoja baada ya kubuni mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, aliorodhesha matumizi aliyoyatarajia, na miongoni mwake kulikuwa na vitabu vitakavyowasomea vipofu. Ndoto hiyo ilingoja zaidi ya nusu karne, kwa sababu vifaa vya mwanzo vilibeba dakika chache tu za sauti. Katikati ya miaka ya 1930, Marekani kwanza na Uingereza mwaka 1935, zilianzishwa huduma za kuwapelekea wasioona riwaya zilizorekodiwa kwenye sahani za santuri zilizozunguka polepole, kila upande wa zile za Uingereza ukichukua takriban dakika 25. Askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa miongoni mwa waliokusudiwa. Kaseti zilifuata, na mwaka 1975 Duvall Hecht wa California, aliyechoshwa na safari ndefu za gari kwenda na kurudi kazini, akaanzisha biashara ya kukodisha kwa njia ya posta riwaya zilizosomwa zote bila kufupishwa. Baada ya hapo ni habari ya simu za mkononi, ambayo kila mmoja anaijua.

Moja ya riwaya za kwanza katika huduma ile ya Uingereza ilikuwa ya upelelezi, kutoka kwa Agatha Christie, na naona chaguo hilo lilikuwa la busara kwa sababu riwaya ya upelelezi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa msomaji. Yeye anamjua muuaji. Ameshakimaliza kitabu kabla ya kuingia studio, na sasa anatakiwa kumsoma mwenye hatia kwa sauti isiyo na hatia, na kuipitisha ile sentensi fupi inayobeba siri nzima kana kwamba ni sentensi ya kawaida kuhusu hali ya hewa. Akiikazia kidogo tu, ameiba starehe yangu yote. Ukisoma *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, unaweza kusimama, ukarudi kurasa kumi, ukalinganisha maneno ya mtu huyu na ya yule, na hata ukashindwa kuvumilia ukafungua ukurasa wa mwisho. Anayesikiliza hana upenyo huo. Anatembea mwendo uleule wa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake, na dokezo likishapita limepita. Kutokuweza kuruka ni sehemu kubwa ya raha ya kusikiliza, nami niliyekuwa msomaji wa papara, mwenye tabia ya kurukia mazungumzo na kuacha maelezo ya mandhari, nimelazimishwa na masikio kuijua mandhari yenyewe.

Katika mazungumzo ya wahusika, Kiswahili kinampa msomaji wetu kazi ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Kitenzi "alisema" hakimtaji mwanamume wala mwanamke. Kwenye ukurasa tunasaidiwa na alama za mtajo na aya mpya. Masikioni alama hizo hazipo, na mwandishi aliyeacha kutaja jina kwa mistari minane mfululizo anamwachia msomaji mzigo wote wa kutuonyesha nani anamjibu nani. Wasomaji wengi hukimbilia suluhisho jepesi, yaani kubana sauti. Mwanamume mwenye sauti nzito anapoipandisha hadi puani ili awe binti wa miaka kumi na minane, kinachosikika ni mwanamume anayemdhihaki binti, na hakuna mapenzi yanayoweza kusimulika juu ya dhihaka hiyo. Wanawake wanaosoma sehemu za wanaume huwa na kasoro ya upande wa pili, ya kukoroma, ingawa kwa jinsi nilivyosikia wao huivuka haraka zaidi.

Msomaji stadi haigusi sana ngazi ya sauti. Hubadilisha mwendo na uzito. Mzee anapewa pumzi kabla ya kujibu. Binti mwerevu anajibu upesi, neno lake likianza pale la mwenzake lilipoishia. Tajiri aliyezoea kusikilizwa haharakishi sentensi kwa sababu anajua hakuna atakayemkatiza. Baada ya kurasa chache humsikii tena msomaji, unawasikia watu hao, na ukiulizwa sauti ya yule binti ilikuwaje utaapa kwamba ilikuwa nyembamba, hali haikuwa hivyo.

Wapo wanaoona kwamba dawa ya tatizo hili ni kumpa kila mhusika msomaji wake. Mwaka 2017 riwaya ya George Saunders, *Lincoln in the Bardo*, ilirekodiwa kwa sauti za watu 166, na kwa kitabu hicho, ambacho kimeundwa kwa vipande vya kauli za mizimu na nukuu za vitabu, mpango huo ulieleweka. Kwa riwaya ya kawaida naona hasara. Riwaya inayo sauti moja inayoziunganisha nyingine zote, nayo ni ya masimulizi; wasomaji wakiwa wengi, masimulizi huwa kama maelezo ya jukwaani yanayosubiri waigizaji waseme, na kitabu hugeuka mchezo wa redio ambao umesahau kupunguza maneno.

Mchezo wa redio una adabu zake, na sisi tuliokulia kando ya redio ya betri tunazijua. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitulea kwa michezo yake, na *Twende na Wakati*, iliyoanza mwaka 1993, iliwafanya watu wamzungumzie Mkwaju, yule dereva wa malori, kama jirani aliyehamia mtaani. Lakini aliyenifundisha kusikiliza, kwa kweli, ni Deborah Mwenda katika kipindi cha watoto cha *Mama na Mwana*, kwa sababu yeye alisimulia. Alikuwa peke yake na sauti yake, hakuwa na haraka, na alipofika mahali pa kutisha sauti yake ilishuka, haikupanda. Wasomaji wengi wa leo hufanya kinyume chake. Hatari inapokaribia wanapiga kelele, nami hupunguza sauti ya simu, na hofu inapungua pamoja nayo.

Sitaki nionekane ninawadharau vijana wanaotengeneza simulizi za sauti huko YouTube na katika makundi ya WhatsApp. Wamefanya jambo ambalo wachapishaji wetu hawakulifanya: wamewapata wasikilizaji wengi wa hadithi za Kiswahili miongoni mwa madereva, mafundi cherehani, walinzi wa usiku na wauza maduka, watu ambao hawajawahi kuingia duka la vitabu. Visa vyao vya majini, vya kijasusi na vya mapenzi yaliyogeuka shubiri vina kasi, na wasomaji wao wanajua kuzungumza na mtu mmoja, jambo ambalo watangazaji wakongwe huchukua miaka kulijifunza. Baadhi husoma kazi za watu bila idhini, na huo ni wizi ambao sina haja ya kuutafutia jina la heshima. Hata hivyo wengi wanasoma kazi zao wenyewe au wameelewana na waandishi, na hao nawasikiliza.

Ugomvi wangu nao ni muziki. Kinanda cha huzuni huanza sentensi mbili kabla ya msiba, kwa hiyo marehemu anakuwa ameshakufa masikioni mwangu wakati kwenye kisa bado anavaa viatu. Mlango ukitajwa, mlango unalia. Mvua ikitajwa, inanyesha juu ya maneno hadi nusu ya maneno hayasikiki. Msomaji na mhandisi wake wanaogopa kwamba lugha peke yake haitoshi, na hofu hiyo humfikia msikilizaji, naye akaanza kuamini hivyo. Wanafanana na mpishi anayekaa nawe mezani akikueleza utamu wa kila tonge kabla hujalimeza. Mwandishi aliyeandika kwamba mvua ilianza kwa matone yaliyopigana na bati ameshaninyeshea. Sihitaji ya pili.

Matamshi ni suala jingine ambalo wengi hulipuuza. Sehemu kubwa ya riwaya zetu bora zimetoka kwa waandishi wa Zanzibar: *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, *Kuli* na *Vuta n'kuvute* za Adam Shafi. Mazungumzo ya humo yameandikwa kwa lugha ya mitaa ya Unguja, na msomaji anayetamka "zambi" na "garama" huivunja nyumba nzima aliyoijenga mwandishi, hata kama sauti yake ni ya dhahabu. Kosa la upande wa pili ni msomaji wa bara anayejilazimisha kuwa Mzanzibari kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akiburura kila sentensi ya masimulizi kwa lafudhi aliyoiazima. Mimi ningependelea asome masimulizi kwa lafudhi yake mwenyewe, mradi dhali na ghaini, yaani dh na gh, zikae mahali pake, na wahusika wawe na lafudhi kidogo tu, ya kutosha kutukumbusha tuko wapi. Vivyo hivyo, anayesoma riwaya iliyotungwa ziwani, kama zile za Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, hana sababu ya kuipaka marashi ya pwani.

Kuna sentensi ndefu pia, na hapa ndipo msomaji asiyejiandaa huumbuka. Kiswahili cha maandishi kinaweza kutundika vishazi vinne juu ya kitenzi kimoja, na msomaji ambaye hajui sentensi itakapoishia hushusha sauti mapema, akagundua kwamba bado kuna mstari na nusu, akaipandisha tena, na sisi tunayumba pamoja naye. Shaaban Robert ni hakimu mkali katika jambo hili. *Kusadikika*, iliyotoka mwaka 1951, inaonekana kavu kwa wanafunzi wengi wanaoisoma kwa ajili ya mtihani, lakini isikilize ikisomwa na mtu anayeielewa. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kauli ya Karama anayejitetea mbele ya baraza, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za dunia, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na kupata adhabu badala ya shukrani. Ni hotuba. Iliandikwa kana kwamba ilikuwa ikingoja koo la mtu, na mizani ya sentensi zake, ile tabia ya kulikabili neno kwa neno na kundi la maneno kwa kundi lingine, huonekana kama mapambo kwenye karatasi lakini masikioni hugeuka hoja. Ukimsikia Majivuno akishtaki kwa upole wa mtu aliyezoea kushinda, na Karama akijibu bila kupandisha sauti, utajua ni kwa nini baraza lile lilinyamaza.

Si kila riwaya njema hukubali kusikilizwa namna hii. *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi ni fupi, lakini zimejaa vipande na ishara ambazo jicho hupenda kuzirudia, na kwa sikio lililo ndani ya basi zinapita kama ndoto ya mtu mwingine. Hizo ningezisikiliza nikiwa nimekaa, na kitabu mkononi. Riwaya zenye wahusika wengi wanaotambulishwa katika sura moja nazo husumbua, hasa majina yakifanana. Riwaya ya nafsi ya kwanza, kwa upande mwingine, huwa imeshinda nusu ya vita kabla ya kuanza, kwa kuwa mtu anayesema "mimi" masikioni mwako ni jambo la kawaida kabisa maishani. Waandishi wanaojisomea kazi zao huleta matokeo ya kubahatisha: wachache hawana mfano, na wengi husoma kwa kasi ya mtu anayeona aibu kwa yale aliyoyaandika.

Kuhusu kasi, nina mwenzangu kazini asiyeona ambaye husikiliza vitabu kwa mwendo ambao mimi nasikia mvumo mtupu, naye hucheka ninapomwambia apunguze, kwa maana masikio yake yamezoezwa kwa miaka mingi na programu inayomsomea kila kitu kwenye kompyuta. Kwake kasi ni uwezo. Kwetu sisi wengine tunaoiongeza kwa ajili ya kumaliza orodha, inaondoa vituo, na vituo ndivyo alivyovilipia jasho msomaji mzuri: ule ukimya wa sekunde mbili baada ya barua kusomwa, na pumzi ndogo kabla ya jina ambalo mhusika hataki kulitaja.

Sauti za mashine, ambazo sasa zinasoma Kiswahili kwa ufasaha wa kushangaza, zimenifundisha thamani ya vituo hivyo kuliko msomaji yeyote. Tahajia yetu haina hila nyingi na mkazo wetu huangukia karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mashine haikosei maneno sana. Inachokosa ni kujua kwa nini sentensi imesemwa. Inapumua penye mkato kwa sababu kuna mkato, na methali ya bibi kizee anayeaga dunia inaisoma kwa uchangamfu uleule wa ratiba ya meli. Kwa habari na makala naitumia bila malalamiko. Kwa riwaya sijaweza.

Kazi ya binadamu, bila shaka, ni ghali. Saa moja ya sauti iliyokamilika hudai saa kadhaa za kusoma, kurudia na kuhariri, na katika miji yetu hudai pia vita na bodaboda, jogoo na jenereta ya jirani. Wanaorekodi nyumbani hujifungia katika kabati la nguo kwa sababu nguo humeza mwangwi, hunywa maji mara kwa mara, na wengine hutafuna tofaa la kijani ili ulimi usitoe vile vimlio vidogo vya mate ambavyo kipaza sauti huvipenda kuliko maneno. Katika rekodi moja niliyoinunua adhana ya mbali ilisikika chini ya sura nzima ya jioni. Mhariri bila shaka alijutia, ila sura yenyewe ilikuwa ya jioni ya mji wa pwani, na mimi niliona imekaa mahali pake.

Mama yangu, ambaye huja kutoka Tanga na kukaa nasi kwa majuma kadhaa, hakubaliani na hedifoni. Kwake hadithi ya kusikiliza peke yako, umeziba masikio na watu wamekuzunguka, ni utovu wa adabu, kwa hiyo anapokuwepo tunaiweka simu juu ya meza pamoja na spika ndogo. Amenionyesha raha moja ambayo kwenye basi sikuwa nayo, ya kuikatiza riwaya. "Simamisha kwanza, mwanangu," husema, kisha anamshambulia mhusika kwa kukubali posa ya mtu asiyemjua nasaba yake, wajukuu wanamtetea, mjadala unapita dakika kumi, na riwaya inatungoja. Juzi tulianza riwaya ya kipelelezi iliyosomwa na kijana mwenye sauti nzuri sana, ya kitangazaji, na kinubi kikipiga nyuma yake. Mama alivumilia sura moja. "Huyu anajisikiliza mwenyewe," akasema, akaomba tutafute nyingine. Tukaipata ya dada mmoja anayesoma taratibu, bila muziki, ambaye sauti yake pengine isingempatia kazi redioni. Sasa utaratibu wa nyumbani ni sura moja baada ya chakula cha usiku, na mama amepiga marufuku mtu yeyote kusikiliza sura ya kesho kwa siri.